Skukuu ya kwanza bila Bibi: mwongozo kamili wa kumkumbuka kwa kuzifanya kazi zake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hii nimeiandika kwa wale waliofiwa na bibi mwaka huu, awe mzaa mama au mzaa baba, au bibi aliekuleeni tu bila ya damu lakini ndie mliemjua, na sasa skukuu inakaribia na nyumba nzima mnatazamana. Kila mmoja anajua kua kuna pengo lakini hakuna anaelitaja, mana miaka yote hiyo hakuna aliejiuliza tambi zinatoka wapi, mtu alikua anaamka anazikuta.

Mie msimamo wangu ni mmoja tu, bibi hukumbukwa kwa kazi zake kuendelea. Kuweka picha yake kwenye WhatsApp na kumuandikia maneno mazuri sikatazi, nami naweka, lakini yule mzee wa nyumba ya nyuma aliezoea kuletewa sahani yake asubuhi ya Idd hiyo picha haitomfikia. Kwahiyo mwongozo wote huu ni wa namna ya kuzijua kazi za Bibi, kuzigawana, na kuzifanya. Mifano yangu mingi ni ya kwetu Pemba, lakini mtu wa Unguja nae ataikuta nyumba yao humu.

Hatua ya kwanza: kaeni na wazee kabla ya kumi la mwisho

Usingoje kumi la mwisho la Ramadhani, wakati huo watu wote wako sokoni Darajani au kwa fundi cherehani na hakuna atakaekusikiliza. Kumi la mwanzo, baada ya tarawehe, watu wameshafuturu na wametulia, ndio wakati wake. Waite mama, mama mkubwa na mama mdogo, mjomba, na kama yupo ndugu yake Bibi alie hai huyo ndie wa kwanza, mpelekee gari au mfateni nyumbani kwake. Na jirani wa zamani pia, mana jirani anajua mambo ambayo watoto wa nyumba hawayajui.

Sasa namna ya kuuliza. Ukiuliza "Bibi alikua mtu wa namna gani" utajibiwa alikua mtu mwema, Mungu amrehemu, halafu watu watalia na kikao kimekwisha. Uliza kwa saa na kwa kitu. Usiku wa kuamkia skukuu alikua akianza na nini jikoni? Mchele wa kumimina aliuroweka kabla ya isha au baada? Asubuhi alimwamsha nani kwanza? Sahani ya mwanzo ilikua inakwenda kwa nani, na nani aliibeba? Pesa za watoto aliziweka wapi? Nani alikua akimpigia simu siku hiyo, na nani alikua hapigi mpaka ampigie yeye? Maswali kama haya yanafungua mtu, utaona mama mkubwa aliekaa kimya anaanza kusema na mwenzake anamsahihisha, na wewe kazi yako ni kuandika na simu iwe imewashwa inarekodi (omba ruhusa kwanza, wazee wengine hawapendi).

Kwetu Wete tulipokaa hivi ndipo tulipojua kua kila skukuu Bibi alikua akimtengenezea gauni mtoto wa jirani aliefiwa na mamaake, kitambaa ananunua mwenyewe anapeleka kwa fundi kimya kimya. Sie sote tulidhani gauni linatoka kwao. Kazi kama hizi ndio za kuzitafuta kwa bidii zaidi, mana za jikoni zinaonekana ila za siri zinapotea siku anayozikwa mwenye kuzifanya.

Hatua ya pili: kila kazi ipate jina la mtu mmoja

Msiandike "sote tutasaidiana", ikiandikwa hivo ujue haifanyiki. Andika kazi, mbele yake jina. Tambi: fulani. Sahani za majirani: fulani na mdogo wake wa kubeba. Kumpigia simu ami alie Muscat: fulani. Gauni la mtoto: fulani. Itumeni kwenye grupu la familia kila mtu aione.

Mambo mawili hapa nayasisitiza. La kwanza, msimtupie yote binti mkubwa wa Bibi. Yeye kafiwa na mama, si na bibi, huzuni yake imezidi ya wajukuu wote, na mara nyingi watu wanamuona kazoea jikoni basi wanamuachia. Mpeni kitu kimoja anachokipenda, vyengine vichukuliwe na vijana. La pili, wanaume wa nyumba nao wapewe. Bibi alikua akizijua nyumba zenye mgonjwa, akijua nani hana kitu cha kupika skukuu, hizo si kazi za jikoni na kijana wa kiume anaziweza vizuri tu.

Hatua ya tatu: jikoni

Hapa patachukua muda. Bibi zetu hawakupima kwa gramu, walipima kwa bakuli lao, kwa kikombe kilichokatika mkono, kwa gao la mkono, na wengine bado walikua wakisema kibaba na pishi (pishi moja ni vibaba vinne). Kwahiyo kabla hamjapika chochote, tafuteni chombo chenyewe alichopimia. Kikiwepo, kijazeni mchele mkipime kwenye mizani, muandike. Msikitupe hata kama kimetoboka, hicho ndio kipimo cha nyumba yenu.

Halafu pikeni mara moja kabla ya skukuu, ndani ya Ramadhani, iwe futari. Mtu aliekula mkono wa Bibi miaka yote aonje aseme kimezidi nini kimepungua nini. Siku ya Idd yenyewe si siku ya kujaribu.

Nichukue mkate wa kumimina mana ndio unaowashinda wengi. Mchele vikombe viwili unauosha na kuuroweka usiku kucha, asubuhi unauchuja maji yote, unausaga kwenye blenda na tui zito kama kikombe kimoja na nusu pamoja na hamira kijiko kimoja cha chai. Saga mpaka ukichukua kidogo ukasugua baina ya vidole usisikie chenga hata moja, hapa ndipo watu wanapoharakisha na mkate unatoka mgumu. Mimina kwenye bakuli kubwa kwa sababu utapanda, funika, weka pahala pa joto, saa moja hivi, kukiwa na mvua na ubaridi ngoja zaidi. Sukari robo tatu ya kikombe unaitia ukishaumuka, na hiliki uliyoitwanga mwenyewe kwenye kinu si ile ya unga ya pakti, koroga pole pole. Sufuria ipake samli, iache ipate moto khasa ndio umimine, utasikia ule mlio wa tsss pembeni, halafu punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa. Ukiona vitundu vimejaa juu na ukingoni pamekauka, funika kwa mfuniko wa bati na juu yake weka makaa machache, mkate uive juu na chini. Asie na seredani atautia kwenye oveni moto wa juu, unaiva, ingawa harufu ya makaa hutoipata na hiyo harufu ni nusu ya utamu wake kwangu mie.

Tambi ni rahisi, kazi yake ni kuzikaanga kwenye samli mpaka ziwe rangi moja ya hudhurungi bila kuungua, ndio utie tui, sukari, hiliki na zabibu. Bokoboko linataka mtu wa nguvu wa kulisonga, ngano na nyama zipikwe mpaka ziwe kitu kimoja, wapeni vijana wa kiume washike mwiko kwa zamu. Halua nunueni, kwa wa Pemba halua ya Wete ipo, hakuna haja ya kujitesa.

Lakini kuliko vyote pikeni kile kitu kimoja kilichokua chake peke yake. Kila bibi anacho. Labda kaimati zake zilikua ndogo ndogo kuliko za watu, labda alikua akitia kungumanga kwenye visheti, labda kahawa yake ilikua na tangawizi nyingi mpaka watu wanakohoa. Hicho kikikosekana mezani watoto wake watakitafuta kwa macho hata kama hawasemi.

Hatua ya nne: harufu ya nyumba

Wengi wanasahau hili na ndilo linalomrudisha mtu karibu kuliko picha. Asubuhi ya skukuu nyumba ya Bibi ilikua na harufu yake. Tafuteni alikua akifukiza nini, udi gani, ubani au buhuri ya kuchanganya mwenyewe, na aliinunua kwa nani. Kama imebaki kidogo kwenye kopo lake, msiimalize siku moja, mpelekeeni muuzaji anusie awachanganyie inayofanana. Kiwasheni chetezo chake kilekile, nguo za Idd zifukizwe usiku.

Kama alikua mtu wa asumini, tafuta vitumba jioni vikiwa bado vimefumba, vitafunguka usiku vyenyewe. Watungie mabinti vikuba kwa asumini na mrehani, na kilua ukipata. Kazi hii mpeni mjukuu wa miaka kumi, kumi na mbili, akae na mtu mzima anaejua kutunga, mana huko kutunga kwenyewe ndipo hadithi zinapotoka.

Hatua ya tano: vitu vyake, na hapa tahadhari

Kila mjukuu anataka kitu cha Bibi. Kanga, msala, kibao cha mbuzi, kawa, miwani. Ni haki kutaka, lakini mali ya maiti si ya wajukuu kuingia chumbani na kuchagua. Kwanza madeni yake, halafu wasia kama upo, halafu warithi, na sie wajukuu mara nyingi si warithi wakati watoto wake wako hai. Kwahiyo ombeni ruhusa kwa warithi wote, hata yule alie mbali, hata kwa kanga moja. Kama mirathi ina nyumba au shamba la mikarafuu na hamjaelewana, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa Kadhi, msilifanye jambo la kuzungumzia mbele ya wageni skukuu mosi. Nimeona nyumba ambazo ugomvi wa shamba umeanzia kwenye sinia la pilau na ndugu hawajaongea mpaka leo.

Ruhusa ikipatikana, kanga zinagawika vizuri sana kwa sababu doti lina vipande viwili. Mabinti wawili wanagawana doti moja, kila mmoja kipande chake, na skukuu pili wakakutana nazo. Msizifue kwa sabuni kali kwa mara ya mwanzo, zianikeni kivulini tu zipate hewa, na kwenye sanduku tieni karafuu kavu kuzuia wadudu.

Hatua ya sita: sauti yake na picha zake

Hili lifanyeni leo, msingoje hata Ramadhani. Sauti alizokutumieni Bibi kwenye simu zinapotea kwa simu kuibiwa au kuzama baharini, na hazirudi. Kila mwenye sauti yake azitume kwenye grupu moja maalumu, mtu mmoja azikopi kwenye kompyuta na kwenye fleshi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kwenye simu nyingi za Android zimo kwenye folda la WhatsApp lenye jina la Voice Notes, ukiunganisha simu na kompyuta utaziona. Laini yake nayo msiitupe mpaka mmeshachukua namba za watu wake wote, na mjue laini isipotumika muda mrefu hufungwa.

Picha za zamani, zile za studio za mweusi na mweupe, zipigeni kwa simu kivulini bila fleshi, karibu na dirisha. Zisigandane na kioo cha fremu, hewa yetu ya pwani ina unyevu na picha ikishashika kioo ukiivuta inachanika uso. Wasiopenda kutundika picha ukutani wazitie kwenye albamu. Na nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli nani ni nani, mkimuuliza mzee alie hai, sasa hivi.

Mwaka wa kuzaliwa wa bibi wengi ni wa kukisia, hata kwenye kitambulisho. Mnaweza kuusogelea kwa matukio. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea alikua mtoto wa chuo cha Qur-ani, mwari au kashaolewa? Alipofariki Mzee Karume Aprili 1972 alikua na watoto wangapi? Mtapata mwaka ulio karibu na kweli. Na tarehe aliyofariki iandikeni kwa miladi na kwa hijria pamoja, kwa sababu Idd inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, aliefariki karibu na Ramadhani baada ya miaka michache watu hawatoelewana alifariki lini.

Hatua ya saba: yanayomfikia yeye

Yote ya juu yanatufaa sie tuliobaki. Yeye alipo anahitaji dua, na hadithi ya Mtume (SAW) tunaijua sote, mtu akifa amali zake hukatika isipokua mambo matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anaemuombea.

Anzeni na madeni. Alikua kwenye upatu? Alikopa kwenye duka la mtaani? Aliwekewa amana na mtu? Na deni la funga, kama Ramadhani yake ya mwisho aliumwa na hakufunga, au aliwahi kupona halafu hakulipa, muulizeni sheikh wenu kwa maelezo kamili, kuna hali inayotakiwa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku, kuna hali haimlazimu kitu, na hukumu inategemea ugonjwa ulikuaje. Msikisie.

Hitma, kwa familia zinazosoma, gawaneni juzuu 30 kwenye grupu, kila mtu aandike namba yake, walio nje nao wachukue. Kuna familia ambazo ndani yake mmoja anasoma hitma na mwengine haoni sawa, basi msibishane kwa jina la marehemu, asiesoma atoe sadaka na aombe dua, na hilo hakuna anaelikataa.

Sadaka yenye kuendelea si lazima iwe kubwa. Misahafu na juzuu amma kwa chuo alichosomea yeye au watoto wake, mikeka ya msikiti wa mtaani, bomba la maji kwenye udhu. Changeni kidogo kidogo toka mapema. Na muangalie kinachohitajika kwa kumuuliza mwalimu wa chuo, mana kuna vyuo vina misahafu imejaa kabati na paa linavuja.

Kaburini, wengi wetu tunakwenda baada ya sala ya Idd. Makaburi ya shamba kule Pemba yanaingiwa na majani haraka baada ya masika, nendeni siku mbili tatu kabla mkafyeke, na hifadhini lokesheni kwenye simu, khasa kwa waliozikwa pahala pakubwa kama Mwanakwerekwe ambapo alama ikipotea ni tabu kulipata kaburi. Wanawake kwenda, masheikh wana kauli tofauti, fateni ya sheikh wenu, na asiekwenda dua yake nyumbani inafika.

Hatua ya nane: siku zenyewe

Skukuu zetu ni siku nne, basi msijaze kila kitu skukuu mosi. Na kuna miaka mwezi unaleta khitilafu, nyumba moja wengine wameshakula Idd wengine bado wamefunga. Dawa yake ni kuiweka siku ya Bibi skukuu pili ya walio wengi, hapo kila mtu kashakula. Wanaotoka Unguja kwenda Pemba wakate tiketi za boti mapema, wiki ile watu ni wengi sana.

Asubuhi sahani zitoke kwanza kabla nyie hamjala, kama alivyokua akifanya. Ukifika kwa jirani sema "hii ya Bibi", inatosha. Atakuombea na atamuombea.

Pesa za watoto, tafuteni noti mpya benki wiki kabla. Bibi wengi walizifunga kwenye pindo la kanga, mtoto anapeana mkono wa Idd anafunguliwa. Mchague mtu mmoja wa kukaa na kutoa zile za Bibi, mbali na zile za wazazi, na kila mtoto kabla hajakimbilia viwanja vya skukuu vya Maisara au Tibirinzi aambiwe jambo moja la kweli kuhusu Bibi, fupi. "Bibi yako alikua akiogelea kuliko kaka zake." "Bibi alikataa kuolewa mara ya kwanza mpaka akaulizwa mwenyewe." Mtoto wa miaka sita anachukua jambo moja, akipewa kumi hatobaki na hata moja. Kila mwaka jambo jengine.

Walio nje wapigieni wakati maalumu, Muscat wako mbele yetu kwa saa moja tu kwahiyo rahisi, Uingereza na Canada pangeni siku kabla. Msimpigie mtu ukampitishia simu kwa watu ishirini akisema "Idd mubarak" ishirini, muwekeni simu jikoni asimamishwe kwenye rafu aone mikono ya watu inafanya kazi na asikie kelele.

Na mtu akilia, aachwe alie. Skukuu haiharibiki kwa machozi. Mama akiingia chumbani kwa Bibi akajifungia, mmoja akae nje ya mlango, baadae ampelekee kahawa, si lazima kusema kitu. Wala asilazimishwe asietaka mambo haya mwaka wa kwanza, kuna mtu anahitaji kwenda kwao na mke au kwa rafiki akapumzike, mwakani atakuja.

Baada ya skukuu nne

Kabla watu hawajatawanyika itazameni ile karatasi. Kazi gani ilifanyika, ipi ilisahaulika, nani amechoka ampe mwenzake. Recipi zilizorekebishwa ziandikwe upya na jina la aliezipika. Wanaofunga sita za mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, walifanye hilo kwa utulivu, na ndani ya mwezi huohuo muulizeni sheikh habari ya kumchinjia marehemu, masharti yake na kauli za madhehebu, kwa sababu Idd el Hajj iko mfunguo tatu tarehe 10, na mbuzi wakati huo wanapanda bei, mwenye nia aanze kuweka pesa sasa.